Chupa Sita kwenye Chumba cha Kukaushia

Siku tuliyomzika Kizito tulirudi kwenye ukumbi wa kanisa kule Märsta, tukala matoke, kuku na keki za Waswidi. Nilikuwa nimeketi dirishani, sahani magotini, pale binti yake Agnes alipokuja akachuchumaa mbele yangu. Agnes alizaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiswidi, nasi tumezoeana hivyo tangu akiwa mdogo, kila mtu na lugha yake. Mimi ananiita farbror, yaani baba mdogo. Alisema kuna kisa kimoja ambacho baba yao alikuwa akiwasimulia kila Krismasi, na padri amekiacha kwa sababu hakujua namna ya kukiingiza kwenye mahubiri: jinsi alivyookoa pombe ya Mjapani isigande kwa baridi pale uwanja wa ndege, pombe iliyokuwa ikienda mashindanoni, akaifunika kwa koti lake mwenyewe. "Siku zote alikuwa anafika kwenye koti, anacheka, basi," Agnes alisema. "Tukimuuliza kama ilishinda, anasema muulizeni Mwandishi. Sasa nakuuliza, farbror. Ilishinda?" Wajukuu wawili wa Kizito waliacha kula wakanikodolea macho. Nilikuwa na tonge mdomoni. Niliinua kidole kumwomba angoje nimeze, na tonge lile nililitafuna kwa muda mrefu kuliko jingine lolote maishani mwangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilivyofika Stockholm, na niliowaacha Bukoba, ni habari nyingine. Hapa inatosha kusema kwamba kwetu nilikuwa nikiandika habari za gazeti, na huku nilikuwa nikiosha vyombo. Kizito, Mganda kutoka upande wa Masaka, ndiye aliyenibandika jina la Mwandishi, kwa sababu kila aliponitembelea chumbani kwangu Vårby gård alinikuta na daftari. Niliandika kila kitu: bei ya vitunguu, majina ya vituo vya treni ya chini ya ardhi, maneno ya mwanamke wa ghorofa ya chini aliyegombana na mumewe kwa Kifini. Sikuwa na mhariri wala msomaji, lakini mkono ulikuwa haujaambiwa. Madaftari yale bado ninayo, na la mwaka ule limelowa pembeni kwa maji ya vyombo. Ndilo lililo mbele yangu sasa, na kuna kurasa mbili ndani yake ambazo nimeziacha tupu kwa makusudi, kitu ambacho sikukifanya kabla wala baadaye.

Mgahawa ulikuwa na viti ishirini na vinne, karibu na Odenplan, na mwenyewe alikuwa Bwana Endo, Mjapani wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Tuliongea Kiswidi, chake kibovu na changu kibovu, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa mgeni ndani ya lugha ile, hakuna aliyemcheka mwenzake. Yeye aliniita Yosefu-san, yaani Bwana Yosefu. Saa tisa mchana, wateja wa chakula cha mchana wakishaondoka, tulikaa wawili kwenye meza ya jikoni kula kile kilichobaki: wali, vipande vya samaki vilivyoharibika umbo, yai bichi ambalo yeye alilipasulia juu ya wali wa moto na mimi nililikaanga pembeni huku akinitazama kwa huzuni. Ukutani, juu ya magunia ya mchele, kulikuwa na picha moja tu: mwanamume aliyevaa kanzu fupi ya buluu, mikono imefungwa kifuani, mbele ya mlango wa mbao uliofunikwa na theluji. Huyo alikuwa Tadao, kaka yake mkubwa, mpishi wa sake, pombe yao ya mchele. Pembeni mwa picha kulikuwa na vyeti vitatu vyenye mihuri myekundu. Kwao, Endo alinieleza, kila mkoa una mashindano yake ya sake kila mwaka. Majaji ni wazee waliobobea na watu wa ofisi ya kodi, kwa sababu hao ndio wanaoijua sake kuliko wanywaji. Hawaoni jina la kiwanda. Wanaonja kwenye vikombe vyeupe vyenye duara mbili za buluu chini, wapate kuona kama kinywaji kiko safi au kina ukungu, kisha wanatema, kisha wanaandika namba. Moja ni bora, tano ni mbaya. Tadao alikuwa amepata moja na mbili miaka mitatu mfululizo.

"Kwa hiyo ni tajiri," nilisema.

"Kwa hiyo ana karatasi tatu," Endo alisema, akazionyesha kwa kijiti cha kulia. Vijana wa kwao walikuwa wamehamia kwenye bia na whisky. Kiwanda kikubwa cha mjini kilikuwa kimeleta mtu wa kupima ardhi ya Tadao, na hasa kisima chake, kwa kuwa maji ya kisima kile ndiyo yaliyoifanya sake iwe vile ilivyo. Tadao alikuwa ameomba angojewe mpaka masika. Na alichokuwa akikingojea kilikuwa huku kwetu: waagizaji wa vinywaji wa nchi za kaskazini walikuwa wameamua kufanya mashindano yao ya kanda, ya kwanza, kwenye hoteli moja ya Stockholm, na sake itakayoshinda ingeingia kwenye orodha ya maduka ya pombe ya serikali. Viwanda vidogo ndivyo vilivyoalikwa. Endo aliandika barua, akajaza fomu, akasugua sakafu ya mgahawa mara mbili kwa siku kama mtu anayengoja wakwe. Tatizo lilikuwa moja. Yeye alitaka kaka yake alete sake iliyochemshwa, inayovumilia safari. Tadao alikataa. Alitaka majaji waonje sake mbichi, kama inavyotoka kwenye kinu cha kukamulia. Waligombana kwa simu majuma mawili. Mwishoni Tadao alisema: huku ni baridi, huko ni baridi, na tumbo la ndege ni baridi, nionyeshe mahali penye joto njiani. Endo akakubali sake mbichi.

Kasha lilitua mwanzoni mwa Februari, chupa sita, likakwama. Kulikuwa na karatasi moja ya ruhusa iliyopungua, na karatasi hiyo ilipopatikana ikahitaji mhuri, na mwenye mhuri alikuwa likizoni mlimani anateleza kwenye theluji. Baridi ya mwaka ule wazee wa Stockholm bado wanaitaja. Pua zilikuwa zinauma kwa ndani. Siku ya pili Endo aliniuliza, akiangalia pembeni kwa aibu ya mtu anayeomba fadhila, kama yule rafiki yangu wa Märsta haangalii mizigo pale uwanjani. Nilisema anaangalia. "Mwambie tu lisisahauliwe," alisema. "Lisivunjike. Liangaliwe vizuri." Hakusema zaidi ya hapo. Hakusema kuhusu baridi wala joto, kwa sababu mtu wa kwao asingehitaji kuambiwa.

Nilimpigia Kizito kwa simu ya mgahawa, nimesimama kati ya magunia, na mazungumzo yale ninayakumbuka neno kwa neno bila daftari.

"Ssebo Mwandishi! Kasha lako nimeliona. Liko ghala la nyuma."

"Lina hali gani?"

"Lina hali ya mzigo. Lakini humo ndani hakuna hita, ndugu yangu. Juma lililopita soda zilipasuka humo. Tulifagia vioo."

"Kizito, hiyo siyo soda. Ni pombe. Imepikwa na kaka wa bosi wangu."

"Pombe ya nini?"

"Ya mchele."

"Mchele!" Alicheka mpaka akakohoa. "Watu wana mchele wanautupa kwenye pombe. Sasa sikiliza. Nina mahali pawili. Kuna chumba cha maua, yale ya Uholanzi, lakini kule ni kama friji. Na kuna chumba cha kukaushia, tunapotundika maovaroli yakilowa. Kule hata mimi nakwenda kulala saa ya chai."

Nikasema, na hapa ndipo mwaka wangu ulipokatika vipande viwili: "Pombe na friji wapi na wapi? Iweke kwenye joto."

"Si ndiyo nilikuwa nataka kukwambia. Kwetu tonto ukiiacha ipigwe na baridi inalala, haiamki tena."

"Hata rubisi."

"Rubisi ni maji ya kunawia mikono, usilete Wahaya hapa. Basi nitaifunika. Nina koti."

Tulikuwa na furaha, lazima niseme hivyo. Wote wawili tulikuwa tumekua kwenye nyumba ambamo mtumbwi wa kupikia pombe ya ndizi, iwe tonto au rubisi, hufunikwa majani ya migomba kama mtoto mchanga, na watu hupita kwa kunyata wasije wakafungua mlango na kuingiza upepo. Miaka yote ya Uswidi tulikuwa tunaelekezwa: jinsi ya kutupa taka, jinsi ya kupanga foleni, jinsi ya kuvaa soksi mbili. Hapa palikuwa na jambo moja tulilolijua sisi, na hatukuhitaji kumuuliza mtu.

Siku tisa kasha lilikaa karibu na bomba la hita, chini ya koti la Kizito lenye manyoya ya kondoo ndani. Yeye alikwenda kazini na kurudi kwenye chumba chake amejikunyata, sweta mbili, bila koti, na alipolalamikiwa na msimamizi wake akasema amelipoteza. Kuhamisha mzigo ambao haujafunguliwa mlango na watu wa forodha kulikuwa ni kosa la kufukuzwa kazi, na yeye alikuwa na ombi lake ofisini, la kumleta mkewe kutoka Masaka, ambalo bila barua ya mwajiri lisingesogea. Haya aliyajua. Siku mhuri ulipopatikana tulikwenda na gari dogo la Endo, mimi na mwenye mgahawa wa Kituruki wa jirani aliyekuwa anaendesha, na Kizito akanitolea kasha kwa mlango wa pembeni, akaniwekea mkono juu ya chupa. Zilikuwa na joto kama mayai yaliyotolewa chini ya kuku. "Umeona?" alisema. Nilimkumbatia. Mpaka tulipofika Odenplan chupa zilikuwa za baridi tena, na Endo alizipokea kwa mikono miwili, akaziinamia, akazipanga nje kwenye kibaraza cha nyuma, kwenye theluji, moja moja, kama anayelaza watu.

Niliona ajabu kuziona kwenye theluji. Kesho yake wakati wa chakula nikamuuliza, kwa udadisi tu wa kazi yangu ya zamani, kwa nini asiziingize ndani. Ndipo Endo alipoanza kunieleza jinsi kaka yake anavyofanya kazi. Nilikuwa na daftari pembeni ya bakuli. Wanapika miezi ya theluji pekee. Alfajiri wanafungua madirisha yote baridi iingie, kwa sababu pipa likipata joto hata kidogo linakimbia kama farasi. Wanalala kwa zamu kando ya mapipa. Na sake mbichi, alisema, iko hai mpaka chupani. Iache sehemu yenye joto siku tatu, nne, inaoza kwa ndani bila kuonekana. Rangi ileile. Inabadilika harufu tu: inanuka sufu iliyolowa, inanuka jibini. "Ni kama kumfunika mgonjwa wa homa kwa blanketi," alisema, akachota wali. Kalamu yangu ilikuwa bado inaandika. Iliandika "sufu iliyolowa" kisha ikasimama. Chini ya maneno hayo ndipo zinapoanzia zile kurasa mbili tupu.

Zilibaki siku tano. Nilimuuliza: na ikipata joto kidogo tu? Aliinua macho. "Kidogo kiasi gani?" Nikasema, tuseme siku mbili. Alicheka, kicheko kizuri, akaonyesha dirisha lililofunikwa barafu mpaka katikati. "Yosefu-san, joto la wapi? Hii ni Uswidi." Akarudi kwenye yai lake. Nami nikacheka naye. Huo ulikuwa mlango wa kwanza, na ulifungwa kwa mzaha. Kila siku nilitafuta mwingine. Nilifikiri: nikisema, kuna faida gani? Chupa nyingine haziwezi kufika. Lakini nilijua faida: angeziondoa mashindanoni, na Tadao asingeonjwa na kupewa namba kwa kitu kisichokuwa chake. Nilifikiri: nikisema, ataandika barua ya kulalamika uwanja wa ndege, yeye ni mtu wa barua, na jina la Kizito litatoka, na mke wa Kizito atabaki Masaka. Hilo lilikuwa kweli. Lakini mtu akikaa na ukweli wa namna hiyo siku tano anaanza kuona kilicho nyuma yake, na nyuma yake nilikuwa nimesimama mimi, na simu mkononi, nikisema pombe na friji wapi na wapi. Nilimwomba Endo afungue chupa moja tuonje. Alishtuka. Sake ya mashindano haifunguliwi na mkono wa nyumbani; kaka yake aliionja siku aliyoiziba, na baada ya hapo wa kwanza kuionja ni jaji. Mlango wa pili. Usiku sikulala vizuri, na mchana nilivunja mabakuli mawili. Endo akaniambia niende nikapumzike, nina uso wa mgonjwa.

Jumamosi ile asubuhi walihitaji mtu wa kumimina. Lazima awe mtu asiyesoma Kijapani, asije akatambua chupa na kufanya ishara kwa macho, na Endo akanitaja mimi kwa fahari: mtu wangu, mwaminifu, aliyekuwa mwandishi wa habari. Walinivalisha glovu nyeupe. Ukumbi wa hoteli ulikuwa na meza ndefu, nguo nyeupe, chupa ishirini na tatu zimefungwa karatasi za kaki zenye namba, na majaji watano, wanne wa nchi za kaskazini na mzee mmoja wa Kijapani aliyekuja kutoka Copenhagen, kila mmoja na ndoo yake ya kutemea. Hapakuwa na mazungumzo. Kulikuwa na kuvuta hewa, kusukutua, kutema, kalamu. Chupa ya Tadao ilikuwa fupi na nene mabegani, na karatasi haikuficha hilo. Ilikuwa namba kumi na nne. Nilipoifungua, kabla hata ya kumimina, harufu ilinijia. Sufu iliyolowa. Na katikati yake, sijui kama pua yangu iliongeza, nilisikia kitu kingine, harufu ya maovaroli yanayokauka.

Nilimimina vikombe vitano. Jaji wa kwanza alinusa, akarudisha kichwa nyuma, akaandika bila kuonja. Wa pili alitema haraka. Mwanamke wa Kifini alimnong'oneza mwenzake, "Hii ilikuwa nzuri," na neno "ilikuwa" aliliwekea mkazo. Mzee wa Kijapani alikitazama kikombe, zile duara mbili za buluu zikionekana safi kabisa chini yake, akaonja, akafunga macho, akaonja tena, jambo ambalo hakulifanya kwa namba nyingine yoyote. Kisha akakiweka chini polepole, akakaa na kalamu hewani. Nilisimama mbele yake na chupa. Alikuwa anatafuta namna ya kuandika kitu kingine, na hakuipata. Akaandika tano.

Nilikuwa kwenye chumba cha nyuma nikiosha vikombe Endo aliponijia. Mzee yule alikuwa amemwita pembeni, baada ya karatasi kukusanywa. Endo hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Anasema ilikuwa sake ya hali ya juu sana," aliniambia. "Anasema ililala kwenye joto. Siku nyingi." Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka, na hakuna aliyeyafunga. "Yosefu-san. Kule uwanja wa ndege ilikaa wapi?"

Huu haukuwa mlango wa kufungwa kwa mzaha. Ulikuwa wazi kabisa, na yeye mwenyewe alikuwa ameushikilia.

"Ghalani," nilisema. "Kwenye baridi. Soda zilipasuka humo."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Alitaka kuniamini, na akaniamini. "Basi ni kaka yangu," alisema.

Jumapili saa nne asubuhi, ambayo kwao ni jioni, alipiga simu. Nilikuwa naosha mchele, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka yawe maangavu. Mlango wa kiofisi ulikuwa wazi. Kijapani sikijui, lakini nimesikiliza watu maisha yangu yote, na mazungumzo yale niliyaelewa kuliko mengi ya Kiswahili. Endo alianza kwa upole. Akasikiliza. Akasema jina, Tadao, kisha neno moja, kisha neno lilelile kwa sauti ya juu zaidi, na nilijua ni "nilikwambia." Upande wa pili uliongea kwa muda mrefu bila kupaza sauti. Endo akamkatiza. Sikuwahi kumsikia akimkatiza mtu, hata mteja mlevi. Kisha simu ikarudishwa mahali pake. Alitoka, akaangalia mchele wangu, akasema nimeuosha kupita kiasi.

Kizito alikuja Vårby gård juma lililofuata, koti limemrudia mwilini. Ilikwendaje? Nilisema majaji bado wanajumlisha. Aliuliza tena mwezi wa tatu, nikasema mambo ya Wajapani yanachukua muda. Aliniangalia usoni, akaona alichokiona, akaanza kusema habari za mkewe, ambaye ombi lake lilikuwa limepita. Hakuuliza mara ya tatu. Nilikuwa namfahamu: angekwenda Odenplan na treni ya kwanza, angepiga magoti jikoni kwa Endo, kisha angekwenda kwa msimamizi wake kueleza. Kwa hiyo nilimnyima nafasi hiyo, na kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yake.

Barua ilikuja Aprili, si ya Tadao bali ya mkewe. Endo aliisoma kwenye meza ya jikoni, saa tisa, wali ukipoa. "Ameuza," alisema. "Na kisima." Akaendelea kusoma, akasimama kwenye mstari mmoja, akautafsiri polepole, akitafuta maneno ya Kiswidi kama anayeokota vioo. Tadao alikuwa amemwambia mkewe kwamba ile sake aliionja mwenyewe siku aliyoiziba na akaiona nzuri. Kwa hiyo kama ilikuwa imeharibika na yeye hakusikia, pua yake imekufa, na mtu asiye na pua hana haki ya kupika. Nilisema, "Endo-san, lile kasha..." Aliinua kiganja chake kikubwa. "Usiseme pole," alisema. "Tafadhali. Wewe ulifanya yote." Nimewaza sana juu ya kiganja kile. Ningeweza kusema huku kimeinuliwa; watu husema. Septemba alifunga mgahawa akarudi kwao, na kwenye sinki aliniachia kikombe kimoja cheupe chenye duara mbili, kimefungwa kwenye gazeti. Niliandika barua mara tatu kwa anwani aliyoniachia. Zote ziko ndani ya daftari.

Nilimeza lile tonge. Agnes bado alikuwa amechuchumaa, na magoti yake yalikuwa yameanza kumuuma, niliona alivyohamisha uzito. Nyuma yake, kwenye meza ya mishumaa, Kizito alikuwa anacheka ndani ya fremu, na ovaroli lake la uwanja wa ndege. Hakukuwa tena na kazi ya kupoteza wala ombi la kukwama, wala Endo hakuwepo wa kuinua kiganja.

"Ilishinda," nilisema.

Agnes alifunga macho kidogo, kisha akageuka akawaambia wengine kwa Kiswidi, sauti juu, na ukumbi mzima ukapiga makofi, akina mama wa Kiganda, majirani wa Kiswidi, padri. Wale wajukuu waligongana mabega. Mmoja wao alikimbilia sehemu ya kutundikia nguo akarudi amekumbatia kitu kizito cha rangi ya kahawia, chenye manyoya yaliyokwisha kuwa ya njano. Agnes akasema familia ilikubaliana, na kwamba baba yao mwenyewe alisema likija suala la koti, ni la Mwandishi. Nilisimama wakanivisha. Mikono ilikuwa mirefu, na shingoni bado kulikuwa na harufu yake.

Njia nzima kutoka Märsta, na tena kwenye treni ya chini ya ardhi, nilikaa nalo magotini, hita ikivuma chini ya kiti. Nilipotoka kituoni Vårby gård kulikuwa na upepo na sikulivaa.